Kalamu ya Chama: Maisha na Kazi ya Thomas Nast, Mchora Katuni za Siasa (1840–1902)

Utangulizi

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, swali la mtunzi na upande wake si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi yake ya siasa akiwa upande wa Wamazrui waliopingana na Seyyid Said, wala hakuuficha upande huo. Utawala wa Wamazrui ulianguka mwaka 1837, lakini mashairi yamebaki, na yanasomwa na watu ambao hawana tena sehemu katika ugomvi ule. Hapo ndipo linapozuka swali: je, upande wa msanii ni dosari ambayo sanaa yake imefaulu kuishinda, au ni moto ambao bila huo sanaa yenyewe isingeiva?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo nje ya pwani ya Afrika Mashariki na nje ya ushairi, katika sanaa iliyo jirani ya shairi la kejeli, yaani katuni ya siasa. Mhusika wake ni Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia New York, ambaye kwa muda wa karibu robo karne alichora katika gazeti la kila wiki la Harper's Weekly. Nast hakuwa mtazamaji aliyekaa kando. Alikuwa mtu wa Chama cha Republican, na kuanzia mwaka 1864 kalamu yake ilipigana katika uchaguzi mmoja wa rais baada ya mwingine. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ushabiki huo ulimpa Nast macho makali ya kuona uovu wa ng'ambo ya pili, na papo hapo ukamtia upofu kuhusu yaliyokuwa nyumbani kwake na kuhusu watu waliowapigia kura wapinzani wake. Alipoigeuza kalamu ile, kwa kuchelewa, dhidi ya chama chake mwenyewe, alijikuta hana tena mahali pa kusimama.

Kutoka Landau hadi New York

Nast alizaliwa tarehe 27 Septemba 1840 katika mji wa Landau, ambao wakati huo ulikuwa chini ya ufalme wa Bavaria. Baba yake alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya jeshi. Mwaka 1846 mama alivuka bahari pamoja na Thomas na dada yake, wakafikia New York. Baba aliwafuata miaka michache baadaye. Mtoto huyo alifika bila Kiingereza, na masomo ya darasani hayakumkaa. Kilichomkaa ni penseli. Alijifunza kuchora kwa Theodore Kaufmann na katika chuo cha National Academy of Design, kisha, akiwa na umri wa miaka 15 tu, akaajiriwa na gazeti la picha la Frank Leslie.

Gazeti la Harper's Weekly lilianzishwa mwaka 1857. Michoro ya kwanza ya Nast ilitoka humo mwaka 1859, nayo ilihusu ufisadi katika jeshi la polisi la New York. Mwaka uliofuata alitumwa Uingereza kuchora pigano la ngumi kati ya Mmarekani John Heenan na Mwingereza Tom Sayers, na kutoka huko akaenda Italia, alikofuatana na jeshi la Garibaldi na kupeleka michoro ya vita kwa magazeti. Alirejea New York mwanzoni mwa mwaka 1861, miezi michache kabla ya kuanza kwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwaka huohuo alimwoa Sarah Edwards. Ndoa hiyo ina nafasi yake katika historia ya sanaa hii, kwa kuwa Nast hakuwa msomaji hodari, na ilikuwa desturi ya Sarah kumsomea alipokuwa akichora. Tamthilia za Shakespeare, ngano za Esopo na habari za siku ziliingia katika michoro yake kwa njia ya sikio kabla ya kutoka kwa njia ya mkono. Wanaotafiti fasihi simulizi hawatakosa kuuona umuhimu wa jambo hilo.

Vita na kuzaliwa kwa mshabiki

Nast alianza kazi ya kudumu katika Harper's Weekly mwaka 1862. Michoro yake ya mwanzo wa vita haikuwa katuni kwa maana kamili. Ilikuwa picha za hisia: askari kambini, mke akiomba dirishani, watumwa wakipokea habari ya uhuru. Katika toleo la tarehe 3 Januari 1863 alimchora Santa Claus akigawa zawadi katika kambi ya jeshi la Muungano, na sura ya mzee mnene mwenye ndevu ambayo aliendelea kuiboresha kila mwaka ndiyo iliyokuja kuenea duniani. Hata mzee huyo wa Krismasi, basi, alianza kazi akiwa na upande.

Katuni iliyomfanya Nast kuwa nguvu ya kisiasa ilitoka katika toleo la tarehe 3 Septemba 1864. Siku chache kabla yake Chama cha Democratic kilikuwa kimekutana Chicago na kupitisha ilani iliyotaka mapigano yasimamishwe na suluhu itafutwe na Kusini. Nast alichora askari wa Kusini amesimama kwa majivuno, mguu mmoja juu ya kaburi la askari wa Muungano, huku akipeana mkono na askari wa Kaskazini aliyepoteza mguu na kuinamisha kichwa. Kando ya kaburi amepiga magoti Columbia, mwanamke anayeliwakilisha taifa, akilia. Nyuma yao inaonekana familia ya watu weusi iliyorudishwa katika minyororo. Chama cha Republican kilichapisha nakala nyingi za mchoro huo na kuusambaza katika kampeni ya Abraham Lincoln.

Yafaa kuitazama tashihisi hiyo kwa makini. Columbia si mwanachama wa chama chochote, kwa sababu yeye ni taifa zima. Kwa kumweka upande mmoja wa mchoro, Nast aliufanya upande huo uwe ndio taifa, na upande wa pili uwe usaliti. Mbinu hiyo ya kuvisha chama vazi la nchi ndiyo nguzo ya kazi yake yote iliyofuata.

Vita vilipokwisha, hoja kubwa ikawa haki za watu weusi walioachiwa huru. Hapa ushabiki na uadilifu wa Nast vilikwenda njia moja. Tarehe 5 Agosti 1865 gazeti lilitoa michoro yake miwili iliyotazamana. Katika mmoja Columbia anawatazama viongozi wa Kusini waliopiga magoti kuomba msamaha; katika wa pili ameweka mkono begani mwa askari mweusi aliyepoteza mguu akiipigania nchi, na anauliza iwapo huyu ndiye atakayenyimwa kura. Mwaka 1866 alimchora Rais Andrew Johnson kama Iago anayemlaghai Othello, na Othello huyo ni askari mweusi aliyejeruhiwa. Tarehe 5 Septemba 1868, katika kampeni ya Ulysses Grant, alichora watu watatu waliounganisha mikono: Mwairishi wa mitaa ya mabanda ya New York, aliyekuwa jemadari wa Kusini Nathan Bedford Forrest, na tajiri August Belmont aliyeshika fedha za kununulia kura. Wote watatu wamemkanyaga askari mweusi aliyeanguka huku akiunyosha mkono wake kulifikia sanduku la kura. Grant aliposhinda, alisema kwamba ushindi wake ulitokana na upanga wa Jenerali Sheridan na penseli ya Thomas Nast.

Ubao, mchongaji na hadhira

Nguvu hiyo haieleweki bila kujua jinsi katuni ilivyotengenezwa na jinsi ilivyosomwa. Nast alichora kwa penseli moja kwa moja juu ya ubao wa mti mgumu uliopakwa rangi nyeupe, na alichora kinyume, kwa kuwa chapa ingegeuza kulia kuwa kushoto. Ubao mkubwa uliundwa kwa vipande vilivyofungwa pamoja. Vilifunguliwa na kugawanywa kwa wachongaji kadhaa ili kazi iende haraka, kisha vikaunganishwa tena. Mchongaji aliondoa kila mahali palipopaswa kubaki peupe. Ugumu wa kazi hiyo ulimfundisha Nast mistari mizito iliyopishana, na uzito huo ukawa sauti yake. Kunako mwaka 1880 njia mpya ya kutumia kamera ilipochukua nafasi ya mchongaji, Nast alilazimika kuchora kwa kalamu ya wino, na michoro yake ikapoteza sehemu ya uzito wake.

Kwa upande wa hadhira, magazeti mengi ya Marekani ya karne ya 19 yalikuwa ya vyama waziwazi. Msomaji alinunua gazeti la upande wake, na hakutarajia lijifanye halina upande. Kura yenyewe haikuwa ya siri: vyama vilichapisha karatasi zao za kura na kuwagawia wafuasi. Katika miji kama New York waliishi maelfu ya wahamiaji ambao hawakusoma Kiingereza au hawakujua kusoma kabisa. Kwa watu hao katuni haikuwa pambo la habari. Katuni ndiyo iliyokuwa habari yenyewe, ikatazamwa barazani na dukani na kujadiliwa kwa midomo.

Vita dhidi ya Tammany

Hadhira hiyo ndiyo iliyomtia hofu William Tweed. Tweed alikuwa kiongozi wa Tammany Hall, jumuiya iliyoshika hatamu za Chama cha Democratic mjini New York. Yeye na wenzake watatu wakuu, yaani Meya Oakey Hall, Peter Sweeny na mhasibu wa mji Richard Connolly, waliifuja hazina ya mji kwa kulipa hati za madai yaliyokuzwa mno na kugawana ziada. Katika ujenzi wa mahakama ya wilaya, malipo ya mafundi na ya samani yalipita kiasi chochote cha akili.

Nast alianza kuwashambulia mwishoni mwa miaka ya 1860, na mashambulizi yalifikia kilele mwaka 1871, wakati New York Times lilipochapisha hesabu zilizovuja kutoka katika vitabu vya mji. Gazeti hilo lilitoa tarakimu. Nast alizipa tarakimu sura. Tarehe 19 Agosti 1871 alichora watu waliosimama duara, kila mmoja akimnyooshea kidole jirani yake, baada ya kuulizwa ni nani aliyeiba fedha za umma. Tarehe 23 Septemba aliwachora kama tai wala mizoga waliojibanza juu ya mwamba wakingoja dhoruba ipite. Mwezi Oktoba alimchora Tweed mwenye mwili mnene na, mahali pa kichwa, mfuko wa fedha ulioandikwa alama ya dola. Na tarehe 11 Novemba, katika toleo lililoandaliwa kwa ajili ya uchaguzi, alimchora chui milia wa Tammany akiirarua maiti ya jamhuri katikati ya uwanja, huku Tweed akitazama kutoka jukwaani kama Kaisari wa Roma. Chui huyo hakuwa ubunifu mtupu: alikuwa nembo ya kikosi cha wazima moto alichokiongoza Tweed ujanani. Nast aliichukua alama ya fahari ya mtu na kuigeuza kuwa shtaka lake.

Inasimuliwa kwamba Tweed alilalamika kuwa makala za magazeti hazimsumbui, kwa kuwa wapiga kura wake hawajui kusoma, lakini picha wanaziona. Kwa mujibu wa wasifu wa Nast uliotolewa na Albert Bigelow Paine mwaka 1904, mjumbe mmoja alimjia mchoraji akamwahidi dola 100,000 akubali kwenda Ulaya kusomea sanaa. Nast aliipandisha bei kwa makusudi hadi dola 500,000, kisha akakataa. Kampuni ya Harper nayo ilipata hasara, kwa kuwa vitabu vyake vya kiada vilipigwa marufuku katika shule za mji. Hata hivyo, wamiliki hawakurudi nyuma. Katika uchaguzi wa Novemba 1871 wagombea wengi wa Tammany walishindwa, na mwaka 1873 Tweed alitiwa hatiani.

Kisa hiki kina mwisho ambao mchambuzi wa maana hawezi kuupita. Desemba 1875 Tweed alitoroka, akapitia Kuba na kuelekea Hispania. Mwaka 1876 alikamatwa katika bandari ya Vigo, na waliomtambua walitumia katuni ya Nast ya tarehe 1 Julai 1876. Mchoro huo ulimwonyesha Tweed katika mavazi ya mfungwa akiwashika watoto wawili, ambao katika lugha ya katuni walikuwa wezi wadogo wanaoadhibiwa na mwizi mkubwa. Maofisa wa Hispania, ambao hawakuijua siasa ya New York, walidhani kwamba mtu huyo anatafutwa kwa kosa la kuiba watoto. Sura waliisoma sawasawa, kisa wakakikosea. Tweed alirudishwa, akafia gerezani tarehe 12 Aprili 1878.

Punda na tembo

Sehemu ya kazi ya Nast inayojulikana zaidi leo ni wanyama wa vyama. Tarehe 15 Januari 1870 alichora punda akimpiga teke simba aliyekufa. Simba alikuwa Edwin Stanton, waziri wa vita wa Lincoln aliyefariki mwezi uliotangulia; punda aliwakilisha magazeti ya wapinzani waliomtukana marehemu. Punda alikuwa ameshatumiwa na wachoraji wengine dhidi ya Rais Andrew Jackson, lakini Nast ndiye aliyemfanya adumu. Tarehe 7 Novemba 1874 akaleta tembo. Wakati huo gazeti la New York Herald lilikuwa likieneza hofu kwamba Grant anataka kugombea kwa mara ya tatu na kujifanya Kaisari. Nast aliirejea ngano ya Esopo ya punda aliyevaa ngozi ya simba: punda, yaani gazeti hilo, anawatisha wanyama wa mwituni, na kati ya wanaokimbia yupo tembo mkubwa aliyeandikwa kuwa ni kura ya Republican, anayeyumba ukingoni mwa shimo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tembo hakubuniwa ili kukisifu chama. Alibuniwa kama onyo: mnyama mwenye nguvu nyingi na woga mwingi, anayeweza kujiangamiza kwa sababu ya mlio wa punda. Jogoo wa KANU nchini Kenya alichaguliwa na chama chenyewe ili kitambulike. Tembo wa Republican alitolewa na mchora katuni aliyekuwa amekikasirikia chama chake kwa muda. Chama kilikubali kubebwa na mnyama huyo, na dhihaka ikasahaulika.

Upofu wa upande

Mpaka hapa sifa ya Nast ingeweza kuonekana safi. Lakini kalamu iliyomshinda Tweed ilikuwa na deni kubwa. Wapiga kura wa Tammany wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, Wakatoliki na maskini. Nast aliwachora Waairishi kama nyani wenye chupa na rungu, mwaka baada ya mwaka. Chuki hiyo ilikuwa na historia yake: mwezi Julai 1863, katika fujo za kupinga kuandikishwa jeshini, makundi ambayo ndani yake walikuwamo Waairishi wengi yaliwaua watu weusi mjini New York na kuchoma kituo cha watoto yatima weusi. Hata hivyo, kutoka kosa la makundi hadi kulifanya kabila zima mnyama ni hatua ndefu, na Nast aliivuka bila kusita. Tarehe 30 Septemba 1871 alichora maaskofu wa Kikatoliki kama mamba wanaotambaa kutoka mtoni kuwaendea watoto wa shule, kofia zao za kiaskofu zikiwa ndizo meno ya mamba. Mchoraji huyo mwenyewe alikuwa amebatizwa katika Kanisa Katoliki huko Landau.

Katika mwaka uleule, tarehe 18 Februari, alikuwa ameuchora mmojawapo wa michoro yake ya utu kuliko yote: Columbia akimkinga mhamiaji wa Kichina dhidi ya kundi lenye silaha. Wachina hawakuwa wapiga kura wa mtu yeyote. Kundi lililowatishia, katika mchoro huo, lilikuwa na sura za Waairishi. Huruma na chuki zilitoka katika kalamu moja, na mpaka kati yake ulifuata mpaka wa vyama kwa karibu mno.

Hata watu weusi, ambao Nast aliwatetea kwa nguvu mwaka 1865, hawakusalimika. Wakati chama chake kilipoanza kuchoka na kazi ya kuijenga upya Kusini, kalamu ilichoka pamoja nacho. Tarehe 14 Machi 1874 aliwachora wabunge weusi wa South Carolina kwa sura za dhihaka, wakigombana huku Columbia akiwakaripia. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Oktoba, alichora familia ya watu weusi iliyojikunyata chini ya mikono iliyoshikana ya magaidi wa Kusini, mchoro wa uchungu mkubwa. Tarehe 9 Desemba 1876 akawaweka mtu mweusi wa Kusini na Mwairishi wa Kaskazini katika mizani moja, wakilingana kwa ujinga. Mtu yuleyule aliyeuliza kwa nini askari mweusi anyimwe kura sasa aliidhihaki kura yake.

Kisa cha Horace Greeley kinaonyesha ukali wa ushabiki kwa mtu mmoja. Greeley, mwanzilishi wa New York Tribune, alikuwa amepinga utumwa kwa miaka mingi na alikuwa Republican tangu mwanzo. Mwaka 1872 aliachana na Grant, akagombea urais kwa tiketi ya Republican waliojitenga na ya Democratic pamoja, akihubiri kwamba Kaskazini na Kusini zipeane mikono. Nast aliushika mwito huo wa mikono na kuurudia bila huruma: Greeley anapeana mkono na wauaji, Greeley anampa mkono hata muuaji wa Lincoln juu ya kaburi la Lincoln. Kwa kuwa hakuwa na picha ya mgombea mwenza, Gratz Brown, alimfanya kikaratasi kinachoning'inia nyuma ya koti la Greeley. Greeley alishindwa vibaya. Mkewe alikuwa amefariki siku chache kabla ya uchaguzi, naye akafariki tarehe 29 Novemba 1872. Haingekuwa haki kusema kwamba katuni zilimwua. Ni haki kusema kwamba zilikataa kuona ndani yake lolote isipokuwa upande aliohamia.

Kuachana na chama

Kwa miaka mingi Nast alilindwa na Fletcher Harper, mmoja wa wamiliki, dhidi ya mhariri George William Curtis, mtu wa staha ambaye mara kwa mara aliona michoro hiyo imevuka mipaka. Fletcher Harper alifariki mwaka 1877. Mwaka huohuo Rais Rutherford Hayes aliliondoa jeshi katika siasa za Kusini. Curtis alimuunga mkono, Nast akampinga, na kwa mara ya kwanza gazeti likamzuia.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1884. Chama cha Republican kilimteua James Blaine, ambaye alikuwa ameandamwa na tuhuma za rushwa. Aliyemwangusha Tweed kwa sababu ya wizi angewezaje kumtetea Blaine? Nast na Harper's Weekly walikataa, wakamuunga mkono Grover Cleveland wa Democratic. Cleveland alishinda. Kwa kanuni ulikuwa uamuzi wa heshima, lakini wasomaji wa Republican waliuona kuwa ni usaliti, na Democratic hawakuwa na sababu ya kumpenda mtu aliyewachora kama punda kwa miaka kumi na minne. Katika mwaka huohuo alipoteza akiba yake katika kuanguka kwa kampuni ya fedha ya Grant & Ward, iliyomfilisi Grant mwenyewe pia. Aliondoka Harper's Weekly mwaka 1886.

Mwaka 1892 alijaribu kuanzisha gazeti lake, Nast's Weekly, akarudi katika kundi la Republican na kumpigia debe Benjamin Harrison. Harrison alishindwa, na gazeti likafa muda mfupi baadaye. Mwaka 1902 serikali ya Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa akivutiwa na kazi zake, ilimteua kuwa konsuli mkuu huko Guayaquil, Ekuador. Alifika mwezi Julai. Homa ya manjano ilizuka mjini. Alibaki kazini, akaambukizwa, akafariki tarehe 7 Desemba 1902.

Hitimisho

Hukumu juu ya Nast haijatulia hadi leo. Mwaka 2011 jina lake lilipopendekezwa kwa ajili ya ukumbi wa watu mashuhuri wa New Jersey, jimbo alilokaa kwa miaka mingi, jumuiya za Wamarekani wenye asili ya Ireland zilipinga kwa nguvu. Waliopinga walikuwa na ushahidi, na waliomtetea walikuwa nao pia. Tembo na punda, kwa upande wao, wanaendelea kutumika kila uchaguzi na watu wasiolijua jina la aliyewachora.

Swali la mwanzo lilihusu moto na dosari. Maisha ya Nast yanaonyesha kwamba viwili hivyo havitenganishwi kwa urahisi. Bila chama asingepata jukwaa, wala hasira, wala wamiliki wa kumlinda wakati wa Tammany. Asingepata pia watu wa kuwafanya nyani. Panapobaki somo kwa mchambuzi wa kejeli ya kisiasa, iwe ya picha au ya shairi, ni katika njia ya kuisoma. Haitoshi kuuliza iwapo msanii alikuwa na upande. La kuulizwa ni nini alichokiona kwa sababu ya upande wake, na nini alichoshindwa kukiona kwa sababu hiyohiyo. Lazima maswali hayo mawili yaulizwe pamoja, mbele ya kila kazi, kwa kuwa jibu la mchoro wa mwaka 1865 si jibu la mchoro wa mwaka 1876.

Maofisa wa Vigo waliisoma picha bila kuyajua mazingira yake. Wakampata mtu na kumkosea kosa lake. Msomaji wa leo yumo katika hatari ya aina hiyohiyo anapozikuta kejeli za kale, za New York au za Mombasa, zikiwa zimetengwa na ugomvi uliozizaa. Sura itamfikia mara moja. Kisa, hana budi kukitafuta.